Pikapu Kuukuu kwa Njia za Korogwe na Handeni

Kwamndolwa ni kata ya mji wa Korogwe, mkoani Tanga, na dereva anayetoka hapo anaweza kukanyaga ardhi za aina tatu kabla jua halijazama. Akielekea kaskazini anapanda Usambara, milima ambayo vilele vyake vinapita mita 2,000 ilhali mji wa Korogwe uko karibu mita 300 tu juu ya usawa wa bahari. Huko udongo ni mwekundu wa mfinyanzi, na mvua ikishanyesha hata mwenda kwa miguu hutafuta fimbo. Akishika bonde la Lwengera, linaloigawa Usambara ya Magharibi na ya Mashariki, anaingia kwenye tope zito. Akivuka Mto Pangani kwenda Handeni ana lami mpaka mjini, lakini akiiacha lami hiyo anakuta vumbi, miba ya migunga na makorongo ya mchanga ambayo hupata maji kwa msimu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hulainisha njia zote zisizo na lami. Vuli, Oktoba hadi Desemba, huja juu ya ardhi iliyokauka na kuzifanya njia hizo ziteleze kwa siku chache zisizotabirika.

Ardhi hiyo ndiyo inayoamua pikapu ijengweje. Hapa gari haliendi porini kwa matembezi peke yake. Linateremsha mbao na ndizi, linapandisha saruji na mbolea, linabeba mahindi ya Handeni, na Jumapili linapeleka wagonjwa au waombolezaji. Kwa sababu hiyo kuijenga pikapu kuukuu ni kuirudishia uzima kwanza, kisha kuipa mshiko wa ardhi, kisha kuiwekea njia ya kujinasua. Anayegeuza mpangilio huo, akaanza na kulinyanyua gari na kufunga taa sita juu ya paa, hulipia kazi ileile mara mbili.

Gari la kuanzia

Toyota ilianza kutengeneza Hilux mwaka 1968, na toleo linalosukumwa na magurudumu yote manne likafuata mwaka 1979. Hilux inayofaa zaidi kwa kazi hii ni ya miaka ya 1988 hadi 1997 yenye ekseli nzima mbele na injini ya dizeli ya 3L, lita 2.8. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilitoka mwaka 1984. Pikapu yake iitwayo HZJ75 ilipata injini ya 1HZ, silinda sita na lita 4.2, mwaka 1990, na HZJ79 ikaipokea kijiti mwaka 1999. Land Rover, iliyoanza mwaka 1948, ilikuwa imeshazoeleka katika Tanganyika ya ukoloni kabla Toyota haijafika, na bado zipo zinazofanya kazi.

Kinachoyaunganisha magari haya ni chesisi ya mfano wa ngazi iliyo peke yake chini ya bodi, na ekseli nzima mbele na nyuma. Nyingi zina springi za vyuma bapa pande zote nne, ingawa HZJ79 na Land Rover Defender zina koili mbele. Injini za dizeli za zamani hazina kompyuta. Zikishawaka, umeme zinaouhitaji ni mdogo sana, kazi yake hasa ni kuiachia pampu dizeli ipite. Fundi wa mjini Korogwe mwenye spana, gesi ya kuchomelea na kipima noseli anaweza kuzifanyia karibu kila kitu, na spea zisizopatikana Tanga hupatikana Gerezani, Dar es Salaam. Hilux zilizofuata, zile ambazo kila gurudumu la mbele hujitegemea, zinatulia zaidi kwenye lami. Lakini kwenye njia ya mashimo na mzigo mgongoni sehemu ya mbele huzama, na kimo cha katikati hupungua pale pale kinapohitajika.

Kwa njia nyembamba za Usambara ningechagua Hilux, kwa sababu ni nyepesi na hugeuka mahali padogo. Kwa mzigo mzito wa tambarare za Handeni, Land Cruiser haina mpinzani, ila bei yake hata ikiwa kuukuu ni kubwa.

Chesisi kabla ya kingine chochote

Pikapu iliyofanya kazi miaka thelathini imechoka mahali pasipoonekana. Ioshwe chini kwa maji ya nguvu, kisha chesisi igongwe kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hujibu kwa sauti butu. Nyufa hutafutwa mahali pa aina tatu hasa: nyuma ya kabati la dereva ambako mzigo wa bodi hukunja chesisi, kwenye vishikio vya springi, na kuzunguka boksi la usukani. Nyufa za boksi la usukani ni za hatari kuliko zote, na huongezeka haraka kwa gari lililofungwa matairi mapana.

Ufa hauzibwi kwa kumwagia moto juu yake tu. Hutobolewa tundu dogo kila mwisho wake ili usiendelee, hujazwa, kisha hufunikwa kwa bamba. Bamba hilo likatwe mshazari kwenye ncha zake. Likikatwa wima, mstari wa kuchomelea huwa mpaka mpya wa kuvunjikia, na baada ya msimu mmoja chesisi hukatika pembeni ya bamba lenyewe. Kabla ya kuchomelea, waya za betri zitolewe, la sivyo altaneta huungua. Bushi za springi, mpira wa injini na mpira wa giaboksi vibadilishwe wakati huohuo, kwa kuwa ni vya bei ndogo na gari liko wazi.

Injini: joto, mkanda na vumbi

Injini ya 3L na 1HZ zote zina mkanda wa taimingi. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa gari lililonunuliwa bila kumbukumbu hubadilishwa siku ya kwanza. Mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na gharama yake hupita bei ya mikanda mingi.

Adui mkubwa zaidi ni joto. Kupanda kutoka tambarare ya Korogwe kwenda vijiji vya mlimani kwa gia ya chini, mzigo mgongoni, ni kazi ndefu yenye upepo mdogo wa kupoza rejeta. Silinda hedi za injini ndogo za dizeli za Toyota hupasuka zikichemsha, na iliyopasuka mara moja ni vigumu kuiamini tena. Rejeta ifunguliwe na kusafishwa ndani, kapilingi ya feni ijaribiwe, na kifuniko cha rejeta kiwe kipya. Hapa lazima nipinge desturi iliyoenea: kutoa themostati na kuitupa eti injini ipoe. Maji yanayopita bila kuzuiwa huifanya injini ikae baridi tambarare na kutumia dizeli zaidi, na mlimani bado hushindwa kama rejeta imeziba. Ugonjwa ni rejeta, na ndiyo itibiwe.

Vumbi la kiangazi, kwenye barabara za mashamba ya mkonge na njia za Handeni, hula injini polepole. Filta ya hewa ikung'utwe kila jioni ya safari ya vumbi na mpira unaoziba kingo zake ukaguliwe, kwani tundu dogo baada ya filta hupitisha mchanga moja kwa moja kwenye silinda. Wapo wanaofunga tabo kwenye injini hizi. Mimi sishauri. Injini iliyoundwa bila tabo, ikiwa kuukuu, hupata nguvu ya muda na joto la kudumu.

Jinsi nguvu inavyofika chini

Pikapu hizi zina transfa, kasha la pili la gia lenye mkono wake mfupi pembeni ya dereva. Mkono huo hutoa mambo mawili: kupeleka nguvu magurudumu ya mbele, na gia nzito. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kueleweka. Katika Hilux ya kipindi hicho gia ya kwanza ina uwiano wa karibu 3.9, gia nzito ya transfa 2.28, na difu ikiwa ya 4.1, zao lake ni karibu 36. Maana yake injini huzunguka mara 36 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ndiyo maana gari linaweza kutambaa juu ya mawe kwa mwendo wa mtu mzee bila klachi kuguswa, na kuteremka mlima likishikwa na injini badala ya breki.

Magurudumu ya mbele katika nyingi ya gari hizi huwa na habu za kufunga kwa mkono. Zifungwe kabla ya kuingia kwenye tope, kwa sababu kuinama kuzitafuta ukiwa umezama hadi kwenye ekseli ni taabu. Zaidi, transfa hii haina difu ya katikati, kwa hiyo magurudumu ya mbele na ya nyuma hulazimishwa kwenda sawasawa. Kwenye tope tofauti ndogo humalizwa na utelezi. Kwenye lami ya Korogwe hadi Handeni hakuna utelezi, gari hujifunga na kona hukaza usukani, hadi kitu kivunjike. Ukifika lami, rudi kwenye magurudumu mawili.

Ndani ya ekseli ya mbele kuna CV jointi na beringi za kingi pini. Sili ikichoka, oili ya difu huingia kwenye vifundo vya magurudumu, huyeyusha grisi na kutoka nje ikiwa uji mweusi. Usukani unaotetemeka kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa mara nyingi unalalamikia beringi hizo. Kazi ya kuvifungua vifundo vyote viwili ni ya siku moja na ni chafu, lakini gari ambalo halijafanyiwa halijajengwa. CV jointi yenyewe huvunjika mara nyingi kwa kosa la dereva: usukani umekatwa mpaka mwisho, gurudumu limenasa, na mguu unakandamiza mafuta.

Kuhusu difu, kumbuka kwamba ile ya kawaida hupeleka mzunguko kwenye gurudumu lenye upinzani mdogo. Gurudumu moja likining'inia hewani, hilo ndilo linalozunguka, na lenzie lililokanyaga ardhi ngumu hukaa tu. Difu yenye kifungio huondoa tatizo hilo, na Land Cruiser nyingine zilitoka kiwandani nayo. Wapo mafundi wanaoichomelea difu ya nyuma iwe kipande kimoja. Gari la namna hiyo likirudi lami hula matairi na kuvunja shafti, na katika kona yenye mvua husukuma mbele badala ya kukata. Gari la kazi lisifanyiwe hivyo.

Matairi

Fedha inayoleta mabadiliko makubwa kuliko yoyote ni ya matairi, na pia ndiyo njia pekee ya kuinyanyua difu kutoka ardhini. Springi ndefu hupandisha bodi, lakini ekseli inabaki ilipokuwa, na jiwe la katikati ya njia huigonga difu vilevile. Tairi la 205R16 lina kipenyo cha karibu sentimita 74, na la 7.50R16 karibu 80. Nusu ya tofauti hiyo, sentimita tatu hivi, ndiyo kimo ambacho difu hupata. Inaonekana kidogo, lakini kwenye njia iliyochimbwa na malori ya mbao sentimita tatu ni tofauti ya kupita na kukwama.

Kuna bei yake. Tairi kubwa hupunguza nguvu ya gia, na spidomita huonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi. Kwa badiliko nililotaja, inapoonyesha 80 gari liko karibu na 87. Breki nazo hufanya kazi zaidi.

Kwa mfinyanzi wa Usambara tairi jembamba lenye meno makubwa yaliyoachana ni bora kuliko pana. Hukata tope laini la juu na kufikia ardhi ngumu chini, na meno yaliyoachana hutema udongo linapozunguka. Tairi pana huelea na kuteleza. Kwenye mchanga wa makorongo mambo hugeuka: kinachotakiwa ni kuelea, na hilo hupatikana kwa kupunguza upepo. Tairi lililozoea PSI 35 likishushwa hadi 18 au 20 hurefusha sehemu inayokanyaga ardhi na gari hupita. Lirudishwe upepo kabla ya lami, kwa hiyo pampu iwe ndani ya gari. Kipimo cha upepo ni kifaa cha bei ya chini ambacho madereva wengi hawana.

Rimu zenye pete ya kutoka, zinazotumia tairi na tyubu, hupendwa kwa kuwa fundi wa kijijini huziba pancha ya mwiba kwa vyuma viwili na nyundo. Zinastahili heshima. Pete ambayo haijakaa sawa huruka wakati wa kujaza upepo na inaweza kuua, kwa hiyo tairi lijazwe likiwa limelazwa chini ya gari au limefungwa mnyororo, na mtu asisimame mbele yake.

Springi, kimo na breki

Desturi ya gereji nyingi, mteja akisema gari linainama, ni kuongeza chuma kimoja au viwili vinene kwenye springi za nyuma. Gari husimama wima na mteja huridhika. Siku halina mzigo, springi hiyo haikunjiki kabisa: gurudumu hunyanyuka kwenye kila shimo, mshiko hupotea, na kipigo kinachopaswa kumezwa na springi kinaingia kwenye chesisi, nyuma ya kabati, palepale tulipotafuta nyufa. Springi nzuri ni seti nzima ya vyuma vingi vyembamba, vinavyopungua urefu taratibu, na chuma cha mzigo chini kabisa ambacho hugusa pale tu gari linapobeba. Shokapu zichaguliwe kwa urefu wa springi hizo. Fupi hukatika gurudumu linaposhuka kwenye shimo.

Kuinyanyua pikapu sentimita tano kunatosha kwa njia zote za Korogwe na Handeni. Zaidi ya hapo propela shafti huanza kufanya kazi kwa pembe kali, usukani hupoteza tabia ya kujirudisha katikati, na gari huwa rahisi kupinduka kwenye njia ya ubavuni mwa mlima, ambako upande mmoja ni ukuta na mwingine ni bonde. Kunyanyua kwa kurefusha shakeli ni njia ya mkato isiyofaa, kwani shakeli ndefu ya mbele huharibu usukani.

Kuna jambo moja kuhusu breki ambalo hupitwa na wengi. Hilux ina valvu juu ya ekseli ya nyuma, iliyounganishwa na fimbo, inayopima mzigo kwa kuangalia umbali kati ya chesisi na ekseli. Gari likiwa tupu, umbali ni mkubwa, na valvu hupunguza breki za nyuma ili zisijifunge. Gari likinyanyuliwa kwa springi mpya, valvu hudhani liko tupu siku zote. Mwenye gari hubeba mzigo mzito wa mahindi na kuteremka Usambara akitegemea zaidi breki za mbele. Fimbo hiyo irekebishwe siku ileile springi zinapofungwa, na mipira ya breki iwe mirefu ya kutosha gurudumu likining'inia. Vitambaa na maji ya breki viwe vipya. Maji ya breki yaliyonyonya unyevu huchemka kwenye mteremko mrefu, na pedali hushuka hadi chini.

Maji

Injini ya dizeli ikivuta maji huharibika papo hapo, kwa sababu maji hayakandamiziki na fimbo ya pistoni hupinda. Mkonga, bomba la hewa linalopanda ubavuni hadi juu ya paa, huzuia hilo na pia huvuta hewa yenye vumbi dogo. Lakini mkonga wenye kiungo kimoja kinachovuja ni pambo. Jaribio ni kuuziba mdomo wake injini ikiwa inaunguruma taratibu. Ikizimika, viungo ni vizima.

Mahali pengine maji huingia kimyakimya. Difu na giaboksi zina vipumulio vidogo. Ekseli yenye moto ikitumbukia kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili, na wiki mbili baadaye oili inatoka na rangi ya chai ya maziwa. Vipumulio vivutwe kwa mpira mrefu hadi kwenye chumba cha injini. Kazi hii hugharimu mita chache za mpira wa dizeli, na kwa thamani yake inazidi bampa lolote.

Maji yapimwe kwa mti mrefu kutoka ukingoni. Mto Pangani una mamba na viboko, na hakuna sababu ya mtu kuingia humo kupima kina. Kwenye makorongo, turubai lililofungwa mbele ya gari husukuma wimbi na kulinda feni isipinde na kukata rejeta. Maji yakiwa yanakimbia na yamepita usawa wa habu, subiri. Korongo linalojazwa na mvua ya mlimani mara nyingi hupungua kwa saa chache.

Kujinasua

Kabla ya winchi kuna jembe, panga, mbao mbili imara na jeki yenye kitako kipana. Gari nyingi zilizonasa Lwengera hutoka kwa vitu hivyo na watu wanne. Kamba ifungwe kwenye ndoano iliyofungwa boliti kwenye chesisi, kamwe si kwenye bampa wala mpira wa trela. Korogwe ni nchi ya mkonge na kamba zake zimejaa sokoni, lakini kamba ya mkonge hairefuki sana inapovutwa kwa kishindo, na ikikaa na unyevu huoza ndani huku nje ikionekana nzima. Kwa kuvuta gari tumia mkanda wa nailoni.

Winchi ya umeme iwe na uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mzigo. Hula umeme mwingi, mamia ya ampea inapovuta kwa nguvu zote, hivyo betri na altaneta dhaifu huishia njiani. Kwa Hilux ya kazi, winchi ya mkono yenye waya ni chaguo la busara: ni ya polepole, haitegemei betri, na inaweza kuvuta gari kwa nyuma au kwa ubavu. Mti unaofungiwa uzungushiwe mkanda mpana, si waya mtupu unaokata gome. Misitu ya Usambara ina miti isiyopatikana kwingine duniani.

Kenya kuna mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa hifadhi ya Aberdare, na gari zake zimejengwa upya kwa namna ya ajabu. Ushindi humwendea aliyefikia vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, kasi haihesabiwi. Dereva wa Korogwe anayetazama picha zake akumbuke kwamba gari lile haliamki Jumatatu kubeba saruji.

Karatasi

Kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA) ina namba ya chesisi na namba ya injini. Anayenunua pikapu kuukuu alinganishe namba hizo na zilizogongwa kwenye chuma kabla ya kutoa fedha, na akibadilisha injini ahakikishe kadi imebadilishwa. Fundi akipendekeza kukata chesisi ili kuirefusha, asiguse sehemu yenye namba. Gari lisilolingana na kadi yake linaweza kuzuiliwa na trafiki, hata likiwa zima kiasi gani.

Mwenye fedha kidogo tu kabla ya masika anunue matairi manne na kurekebisha breki. Winchi isubiri vuli.